Mume wa Jumamosi

Mimi nina waume wawili, na sioni haya kulisema. Wa kwanza ni mwalimu wa hesabu, ndiye niliyezaa naye. Wa pili ni wa Jumamosi tu, mchana mpaka jioni, mbele ya kamera na mabenchi ya watazamaji. Wanajuana. Wakikutana mlangoni pa studio, yule wa Jumamosi humwambia mwenzake, "Mwalimu, mkeo huyo, nakukabidhi, hajapungua." Naye Mwalimu hujibu kwamba yuko tayari siku moja akabidhiwe mke aliyepungua maneno.

Mitaani Mwalimu hatambuliwi kabisa. Kwa watu, mimi ni mke wa Kiraka, basi. Nikinunua vitunguu naulizwa Kiraka hajambo. Nikitembea na Mwalimu ameniinulia mwavuli, kuna wanaonitazama kwa jicho la kumbe-na-wewe. Muuza mkaa mmoja alimvuta Mwalimu pembeni akamwonya kwa upole kwamba yule mwanamke ana mwenyewe.

Kiraka ni fundi asiyejua ufundi, katika kipindi chetu cha vichekesho. Kila anachokitengeneza kinaharibika zaidi, na bado majirani wanamrudia kwa sababu mdomo wake unatengeneza kile mikono inachovunja. Mimi ni mkewe, napangusa meza na kumshushua. Jina hilo limemganda mwigizaji wake mpaka mama yake mzazi, kabla hajafariki, alikuwa anamwita Kiraka. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda mazishini, akakaa nyuma kabisa, kichwa chini, na watu wakaanza kushika mbavu kwa kumwona tu. Toka siku ile hutuma rambirambi, mwenyewe haendi.

Lakini hakuanza kama mwigizaji. Alianza kama mbeba samani wa studio. Nilikuwepo siku hiyo, na nilikuwa na hasira, maana mimi niliusomea uigizaji, nimekariri tamthilia nzima nzima, halafu nimepewa kazi ya kupangusa meza. Tulikuwa tunafanya mazoezi mbele ya watu. Yeye na mwenzake walikuwa wanaingiza kochi, likanasa mlangoni. Mwenzake akatoka kutafuta msaada. Yeye akabaki ameshikilia upande wake, watu wote wanamtazama. Mtu mwingine angecheka au angeomba radhi. Yeye aliliangalia lile kochi kwa muda, kisha akaliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayemsihi mtoto mbele ya wageni, "Sasa tumekosana nini?"

Mabenchi yakalipuka. Nami nilitazama jambo ambalo sijaacha kulistaajabia mpaka leo: yule kijana mbeba kochi hakuongeza neno. Alingoja. Aliwaacha wacheke mpaka mwisho kabisa, na pale kicheko kilipobaki kama maji ya mwisho ndani ya ndoo, ndipo akaliinamia tena kochi, akaliambia, "Haya, basi ni mimi niliyekosea." Mwongozaji wetu wa zamani, mzee mkali asiyesifu hata mvua, alivua miwani. Aliniambia, "Huyo umeona? Kicheko ni mgeni. Wengi wenu mnaanza kula kabla hajaketi. Huyo amempa kiti."

Nilimchukia mwezi mzima. Halafu nikaacha, maana huwezi kumchukia mtu anayefanya hivyo wiki hadi wiki mbele ya macho yako. Nimemwona akiingia na kikombe mkononi, akamkuta jirani amekalia kiti chake. Mtu mmoja tu wa benchi la mwisho akacheka. Kiraka hakusema kitu. Akahamishia kikombe mkono wa pili. Wakacheka watatu. Akakirudisha mkono wa kwanza. Benchi zima likaangua kicheko, na kutoka hapo ukumbi wote, na hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake na sikuona alivyofanya.

Siri yake ilikuwa masikio. Tukimaliza kurekodi huniambia, "Umemsikia yule mama wa kulia, anayecheka kwa kuvuta pumzi ndani? Huyo ndiye aliyetubeba leo." Aliwajua watu kwa vicheko vyao, akavitafuta kimoja kimoja. Kimoja tu hakukipata, nacho ni changu. Mimi kazini sicheki. Watu husema ni nidhamu ya fani, na mimi nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba nacheka vibaya. Dada zangu walikuwa wakisema nacheka kama kuku aliyekanyagwa, na tangu usichana nimejifunza kukimeza. Kiraka alinijaribu kwa kila hila. Alitia ndimu kwenye chai yangu ya maigizo, akavaa viatu vya kulia viwili. Nilimkazia macho makavu.

"Iko siku, mama," huniambia tukiwa tunafuta vipodozi.

"Utazeeka ukisubiri."

"Kusubiri ndiyo kazi yangu."

Tukazeeka kweli. Mzee mwongozaji alistaafu, akaja mwongozaji mpya, binti mwenye akili na haraka, sisi tukamwita Bosi Mdogo. Na ilikuwa katika wakati wake ndipo Kiraka alipoanza kuharibika.

Alianza kuwakatiza watu. Anasema jambo, ukumbi unapasuka, na kabla haujafika popote yeye ameshaingia na neno la pili, ambalo linazama kwenye kelele na hakuna anayelisikia. Au kinyume chake: neno halijachekesha, watu kimya, naye amesimama anangoja kicheko ambacho hakipo, mpaka unatamani ardhi ipasuke. Bosi Mdogo alifikiri ni kiburi cha umaarufu. Wapiga picha walinong'ona habari za pombe, na mtu huyo hanywi hata soda yenye gesi. Mimi nilikasirika zaidi ya wote. Mtu aliyefundisha mji mzima kusubiri, leo anaparamia vicheko kama anawahi basi!

La ajabu ni kwamba huko mitaani mambo yalikuwa mazuri. Wanawake walinisimamisha sokoni. "Siku hizi mumeo anakupenda," wakaniambia. "Anakutazama usoni ukisema. Haondoi macho. Wa kwangu hata nikiungua hageuki." Nami nilikuwa nimeliona hilo, nikadhani ni mbinu mpya, ingawa moyoni nilijivuna.

Kisha Bosi Mdogo akatuita ofisini. Alisema kwa heshima, lakini alisema: Jumamosi ijayo ikiwa kama zilizopita, Kiraka atapewa safari. Katika igizo, kupewa safari maana yake unapanda gari, unapunga mkono, na hurudi. "Au," akasema, "tuache kuita watazamaji, tubandike vicheko vya kurekodiwa. Mzee wangu, hapo unaweza kusema haraka upendavyo." Alisema hayo akiwa anatafuta kalamu yake, ameinama, na Kiraka hakujibu. Akarudia akiwa ameinua uso.

"Vya kubandika, hapana," Kiraka akasema. "Hiyo ni sawa na kusalimiwa na redio. Bora safari."

Kesho yake mkewe alikuja kwangu. Mkewe wa kweli, mshonaji, mwanamke mpole mwenye sindano kifuani saa zote. Sisi huitana mke mwenza, utani wa miaka. Siku hiyo alikaa jikoni kwangu, hakuanza na utani.

"Mke mwenzangu," akasema, "mume wetu hasikii."

"Hasikii! Mimi nimemwambia mara ngapi apunguze mwendo..."

"Hasikii kwa masikio, mama. Televisheni nyumbani kwangu inapiga kelele mpaka jirani anajua habari kabla hajawasha ya kwake. Daktari amesema ni mishipa, haitarudi. Alipewa vile vya kuweka sikioni. Nyumbani vinamsaidia kidogo. Lakini akiingia studio, watu wakicheka, anasema ni mlio mmoja tu, kama mashine yangu ikiwa imeharibika. Amevitoa."

Nilikaa chini. Yote yakanijia kwa mpigo, na zaidi ya yote yale macho. Hakuwa akinitazama kwa mahaba. Alikuwa anasoma midomo yangu. Wanawake wote wale wa sokoni, na mimi mwenyewe niliyejiona malkia!

"Kwa nini hakusema?"

"Anasema watu hawamcheki wanayemhurumia. Wakijua, watampigia makofi, wasimcheke tena." Alichomoa sindano, akaichomeka tena. "Hataki kukaa huko milele, mke mwenzangu. Anataka tu siku akiondoka, atoke kwa miguu yake. Asisukumwe akiwa hajui hata kama nyuma yake wanacheka au wamenyamaza."

Nilikuwa nimekwishapata jibu kabla hajamaliza kufuta machozi. Kwani mimi kazi yangu pale ni nini? Ni kupangusa meza.

Alhamisi tukakutana sebuleni kwake, kati ya vitambaa na mashine ya kushona. Kiraka alipoona kwamba najua, aliona aibu, akawa anatazama zulia, na kwa kuwa anatazama zulia hakuona niliyokuwa nasema. Ikabidi nimshike kidevu. "Nitazame, we mwanamume! Kitambaa changu cha kupangusia meza. Kikisimama, wanacheka, usiseme. Kikianza kutembea, kicheko kimekwisha, sema. Umeelewa?"

Alielewa papo hapo. Ila mazoezi yalihitaji watu wa kucheka, na watu waliokuwepo ni mke mwenzangu na Mwalimu wangu, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka na siku ya pili anajuta.

"Cheka, baba," nikamwambia.

"Nicheke nini?"

"Chochote. Cheka tu."

"Ha," akasema Mwalimu. "Ha. Ha." Kama anahesabu. Mke mwenzangu akaangua kicheko cha kweli kwa kumwona, Mwalimu akakasirika, Kiraka akawa anamwangalia mmoja na mwingine bila kujua nani anacheka na nani anagomba, nami kitambaa kikanipotea mkononi. Tulirudia mpaka jua likahama dirishani. Kufikia mwisho, kitambaa kilikuwa kinamwambia kila kitu, na Mwalimu alikuwa amepata kicheko cha pili, chenye kupanda na kushuka, mpaka leo anakitumia kwa wageni.

Jumamosi mabenchi yalijaa. Bosi Mdogo alisimama kando ya kamera ya kati, mikono kifuani. Mandhari yetu ni ile ile, chumba cha Kiraka: meza ya mbao katikati ya jukwaa la mbao, viti viwili, dirisha lisilotazama popote. Igizo la siku hiyo lilimhusu jirani aliyeleta redio itengenezwe. Kiraka ameitengeneza, redio inaimba vizuri kuliko zamani, tatizo ni vitu vilivyobaki.

Alianza kuvitoa mfukoni. Skrubu moja, akaiweka mezani. Ya pili. Springi. Kitambaa changu kinatembea, kinasimama, kinatembea, na mwenzangu anakisoma kwa pembe ya jicho kama hajakiona. Wanacheka, anangoja. Wananyamaza, anasema. Nilimwona Bosi Mdogo akishusha mikono. Niliona hata mpiga picha wa kushoto, yule wa maneno ya pombe, mabega yakitikisika. Kiraka amerudi!

"Fundi akibakiza skrubu," akaniambia kwa lile jicho la ujuzi, "chombo kimepungua uzito. Mwenye mali anabeba bila taabu."

Katika skripti, kitu cha mwisho mfukoni kilikuwa kitufe cha redio. Alitia mkono, akatafuta, akatoa. Hakikuwa kitufe. Yalikuwa meno ya bandia, ya juu na ya chini, safu nzima.

Aliyatazama. Akanitazama. Akayatazama tena, akaona yameachama, na kwa kidole kimoja, kwa adabu, akayafunga mdomo.

Sijui kilichonipata. Nadhani ni kile kidole. Kitu kilipanda kutoka tumboni, kile kuku wa dada zangu, nacho hakikuomba ruhusa. Niliinamia meza kwa viwiko vyote viwili, uso nikauziba kwa kitambaa, nikacheka mbele ya kamera zote, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Na mabenchi, yaliponiona mimi wa macho makavu nimevunjika, yakapoteza adabu kabisa. Watu walipiga miguu sakafuni.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kitambaa kiko usoni. Midomo yangu imezibwa. Amebaki peke yake, hana cha kusoma, na mimi siwezi kusimama. Nilichungulia juu ya kitambaa, na nikaona hofu imempita machoni, haraka, hakuna aliyekuwa mbali ambaye angeiona. Mdomo ulifunguka kidogo. Nikajua atasema. Atasema sasa hivi katikati ya kicheko kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupata, nacho kitakufa, na safari atapewa.

Hakusema. Alifunga mdomo. Taratibu, kama mtu aliyechoshwa na dunia na skrubu zake, Kiraka aliinama, akalaza shavu juu ya meza, viganja viwili vimefunguka kila upande, macho yamefumba.

Ukumbi ulicheka maradufu. Wao waliona fundi aliyekata tamaa. Mimi niliyekuwa mkabala naye niliuona uso wake kwa karibu, na machozi ya kucheka yakanikauka. Alikuwa anasikiliza. Ile miguu yote inayopiga sakafu ilikuwa inapita kwenye mbao za jukwaa, inapanda miguu ya meza, inaingia shavuni kwake. Nyusi zake zilikuwa zinatembea. Kikipanda, zinapanda. Niliogopa kupumua. Nimefanya kazi na waigizaji wengi, na wengine wana majina makubwa, lakini sijawahi kuona mtu akipokonywa silaha yake ya pekee mbele ya watu, halafu akaiokota sakafuni kwa shavu.

Kicheko kikashuka. Kikabaki mama mmoja upande wa kulia, akigonga mguu. Akaisha naye. Kiraka akainua kichwa, na skrubu moja ilikuwa imemganda shavuni.

Wakaanza upya. Hakujua kwa nini. Viganja bado viko mezani, akahisi kwamba wanacheka, naye, asiyejua anachekwa nini, akabaki ametulia kabisa, ana uso wa heshima na skrubu shavuni, akawapa kiti kwa mara nyingine. Nilishusha kitambaa. Nilinyoosha mkono, nikambandua ile skrubu, nikaiweka na wenzake. Nilimwelekezea midomo yangu.

"Sasa jirani atakula nini?"

Alisubiri kidogo tu, kile kidogo chake.

"Chakula laini, mama. Mpaka redio ipone."

Baada ya kurekodi Bosi Mdogo alikuja mbio, uso umelowa. Alimshika Kiraka mikono yote miwili akasema maneno mengi kwa haraka, na Kiraka akaitikia kwa kichwa, maana kwenye kichwa huwezi kukosea sana. Kisha akanigeukia mimi. "Hakuna safari," akaniambia. "Umeona leo? Leo alikuwa anawasikiliza watu."

"Nimeona," nikasema.

Mabenchi yakabaki matupu. Wapiga picha walikuwa wanakunja nyaya, taa kubwa zimezimwa, Mwalimu na mke mwenzangu wanatungoja mlangoni na koti langu. Kiraka alikuwa bado amekaa pale mezani. Nikakaa mbele yake, mahali anaponiona.

"Wa kushoto wana vishindo vizito," akaniambia. "Na kulia kulikuwa na mtu anapiga mguu mmoja tu."

"Mama mmoja. Ndiye aliyekuwa wa mwisho."

"Nilimjua." Akapitisha kiganja juu ya mbao. "Lakini kulikuwa na kingine, karibu kabisa, kinatoka upande wako. Kidogokidogo, kama mtu anayebisha hodi. Kile sikukijua. Kilikuwa nini?"

"Kilikuwa mimi."

Alinitazama midomo kana kwamba ameisoma vibaya. "Ulicheka?"

"Nilicheka."

Uso wa mtu huyo nimeuona ukifanya mambo elfu. Hili sikuwahi kuliona. Alitazama meza, akatazama mikono yangu, na nikajua anachofikiri, maana nami nilikuwa nakifikiri hicho hicho: amekingoja maisha yake yote ya kazi, na kimekuja wakati hana sikio la kukipokelea.

"Nirudie," akasema. "Kidogo tu." Akalaza shavu mezani, akafumba macho.

Nikaweka viwiko vyangu pale vilipokuwa. Nilijaribu kucheka. Kwa haki ya Mungu nilijaribu. Kilichokuja ni kilio, na kilikuja chote, mabega yakanitikisika na meza ikatikisika pamoja nami. Yeye akatabasamu, macho yamefumba vile vile. Hakunikatiza. Alikisubiri mpaka mwisho kabisa, ndipo akainua kichwa taratibu, kabla sijapata nafasi ya kujifuta machozi.

"Dada zako walikuonea, mama," akasema. "Ni kizuri sana."